Kizibo cha Ndiva

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Devotha alipitia shambani na Bibi Asteria kuangalia maharage. Shamba lao lilikuwa mteremkoni, juu ya Makanya, na mvua za huko ni za kubahatisha. Kwa hiyo wanakijiji walitegemea ndiva, yaani bwawa lililochimbwa na mababu zao. Usiku ndiva ilizibwa, maji ya kijito yakajaa. Asubuhi ilifunguliwa, maji yakashuka kwenye mfereji hadi kwa mwenye zamu.

Zamani ndiva ilizibwa kwa gogo lililochongwa, likazungushiwa magome ya mgomba na kukandikwa udongo. Kulichomoa kulitaka wanaume wenye nguvu na kelele nyingi. Mwaka jana walifunga koki ya chuma. Hata mtoto aliweza kuizungusha, na Devotha alipenda kazi hiyo kuliko kupiga mswaki. Gogo likahamia nyuma ya jiko la Bibi.

"Bibi, hili gogo linangoja nini?" Devotha alitania. "Si limeshastaafu?"

"Mstaafu naye huitwa kazini," Bibi alijibu. "Liache hapo hapo."

Jumamosi moja Bibi alikwenda sokoni Same, akamwachia Devotha chungu cha makande. Makande hayana haraka, na kuni ziliisha kabla hayajaiva. Msitu ulikuwa mbali, na mvivu hakosi sababu. Devotha akachukua shoka, akalipasua gogo. Makande yaliiva vizuri mno. Bibi alikula, akasifu, akaongeza.

Wiki iliyofuata koki ilivunjika ikiwa wazi, na maji yote ya usiku yakapotea. Fundi alipiga simu madukani, akaambiwa kifaa chake kinaagizwa Dar es Salaam na hakijulikani kitafika lini. Maharage yalikuwa yametoa maua. Yakikosa maji wakati huo hayazai, na hicho ndicho kilikuwa chakula cha Devotha na Bibi mpaka msimu mwingine.

Mzee Vitus, msimamizi wa ndiva, alifika kwa Bibi akihema. Alimkuta na Devotha na Kurwa, mtoto wa jirani.

"Shikamoo, babu," watoto walimwamkia.

"Marahaba. Asteria, tupe lile gogo letu. Kazi imerudi."

Bibi alizunguka nyuma ya jiko, akarudi mikono mitupu. "Halipo!"

Mzee Vitus akamkazia macho Kurwa. "Wewe si ndiye unayeuza kuni barabarani? Gogo la ndiva umelipeleka wapi?"

"Si mimi, babu! Haki ya Mungu sijaligusa."

Devotha alimtazama Kurwa. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Lakini Kurwa alikuwa rafiki yake, na machozi yalikuwa yameanza kumlengalenga.

"Ni mimi," alisema. "Nililipasua nikapikia makande. Nilidhani halina kazi tena. Nisamehe, Bibi. Nisamehe, Kurwa."

Bibi alishika kiuno. "Ndiyo maana yaliiva vizuri," akasema. "Kumbe tumekula ndiva!"

Mzee Vitus alijaribu kukunja uso, akashindwa, akacheka. Kisha akamgeukia Kurwa. "Nimekuonea, mjukuu wangu. Nisamehe." Akatoa simu mfukoni, akaitisha msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo Mpare haikwepi bila aibu. Muda si mrefu watu walifika na mapanga na majembe. Wengine walikata mti, wengine wakachonga. Devotha alipewa kazi ya kubeba udongo kutoka kijitoni, akabeba mpaka mabega yakamuuma. Jioni ndiva ilizibwa.

Asubuhi maji yalishuka. Devotha alivua viatu, akasimama ndani ya mfereji akiyaona yakiingia kwenye maharage. Alifurahi kupita kiasi.

"Bibi, kumbe vitu vya zamani ndivyo bora!"

"Nani kasema?" Bibi aliuliza. "Babu yako aliitisha msaragambo kwa baragumu. Leo limetundikwa ukutani, buibui wamepanga humo. Simu imelishinda, nami sililii. Koki nayo ni nzuri, ikitengenezwa tutaitumia. Ila gogo bado lina kazi, na likioza tunachonga jingine hapa hapa kwa mapanga yetu. Kitu hudumu kikiwa na kazi, na wenyewe wakiweza kukitengeneza. Basi kabla hujakitupa, uliza kwanza. Na ukikosea, sema upesi kama ulivyosema jana. Ungenyamaza, tungekuwa bado tunamhoji Kurwa huku maharage yanakauka."

Koki ilipotengenezwa, gogo jipya lilirudi nyuma ya jiko. Bibi alipasha msumari moto, akaushika kwa koleo, akampa Devotha aandike juu ya gogo kwa herufi kubwa: SI KUNI.