Mafunjo ya Kilembe

Jumamosi, alasiri. Kasese.

Tsongo alifunga mlango wa stoo kwa komeo, kisha akaujaribu tena. Upande wa pili wa ukuta mashine ya kusaga mahindi ilinguruma. Ndiyo maana alikipenda chumba kile. Hakuna sikio lililoweza kuishinda mashine hiyo.

"Simu. Na kila kitu kwa mifuko."

Waliweka vitu vyao ndani ya debe tupu. Umaru, dereva. Maate, mvunja makufuli. Phionah, dada yake Maate, mtu wa kwanza mwenye shahada kukalia magunia ya stoo ile. Tsongo aliwatazama mmoja mmoja kama mtu anayechambua maharage.

Umaru aliokota kadi ya ubatizo ya Maate, imefungwa ndani ya plastiki ngumu. Akaokota kitambulisho chake: plastiki juu ya plastiki. Akacheka.

"Huyu mtu! Hata risiti ya chapati ataipeleka kwa mashine ya laminesheni."

"Wewe cheka," Maate alisema. "Mto Nyamwamba ulipofurika ukaingia kwetu, hati ya shamba ya mama iliyeyuka kama uji. Niliiona kwa macho yangu. Karatasi bila plastiki si karatasi."

"Nyamazeni," Tsongo alisema. "Kesho, Kilembe. Kanisa ndogo ya juu. Ndani ya sakristia, chumba cha padri, iko fremu ya kioo, ndani ya kioo iko karatasi. Jumatatu wataalamu wanaipeleka Kampala. Sisi tunaipeleka Bwera kesho. Syahuka anavuka kutoka Kongo kuinunua. Msomi, waambie iko nini."

"Ni mafunjo," Phionah alisema. "Ukubwa wa kiganja. Daktari mmoja mgeni aliinunua Misri zamani, akaiachia kanisa. Wataalamu walipokuja, mimi ndiye niliyewashikia taa. Ni kipande cha Injili, kwa Kigiriki. Kimeandikwa pande mbili, kwa hiyo kilitoka kwenye kitabu, si kwenye hati ya kuviringishwa. Wakristo wa kwanza walipenda vitabu."

"Ya mwaka gani?"

"Hakuna mwaka."

Tsongo aliinua kichwa. "Hakuna?"

"Waandishi wale hawakuweka tarehe. Wataalamu hutazama mwandiko. Wanalinganisha herufi na mikataba na risiti za kodi zilizotaja mfalme wa Roma wa wakati ule. Ndipo wanasema ni kati ya hapa na pale. Hii wameiweka kati ya mwaka wa mia moja hamsini na wa mia mbili hamsini baada ya Kristo."

"Kati ya si bei."

"Ndiyo ukweli wenyewe. Anayekutajia mwaka mmoja anakudanganya."

Umaru alikuna kidevu. "Bosi, sisi Waislamu pia tunaamini Injili iliteremshwa. Sikujua iliteremshwa Kilembe."

Tsongo alikuwa bado anamtazama Phionah.

"Syahuka hasomi Kigiriki," alisema polepole. "Anakunja pembe ya karatasi. Anasema ya zamani inavunjika kama jani kavu. Mpya inapinda, inanuka kinamasi. Ikipinda kesho, msomi, wewe hutarudi kwa mama yako."

"Na ikivunjika?"

"Tulishaongea. Ndugu yako yuko huru. Sitamwita tena."

Ndilo jambo pekee lililomleta Phionah kwenye stoo ile. Miaka mitatu Maate alikuwa mtu wa Tsongo. Wavulana wawili waliotaka kutoka kabla yake walizikwa.

"Na damu ikimwagika," Umaru alisema huku akichukua funguo zake, "mimi sipo. Ninabeba nyanya. Sibebi maiti."

Jumapili, kengele ya pili. Kilembe.

Waumini walikuwa wamesimama kwenye wimbo wa kuingilia. Kufuli la sakristia lilimpa Maate kazi ya pumzi mbili. Akabaki mlangoni, mgongo kwa dada yake, macho kwenye kichochoro.

Phionah alishusha fremu ukutani. Alitenganisha vioo viwili.

Kilikuwa pale. Rangi ya majani ya ndizi yaliyokauka, kingo zimeliwa, herufi ndogo zimesimama wima kama watoto mstarini. Mkono wa mtu fulani, Misri, akinakili kwa haraka ili wengine wasome. Alishindwa kukitia kwenye bahasha ya Tsongo. Alijua tangu mwanzo kwamba angeshindwa.

Ndani ya gauni lake kulikuwa na kipande cha pili, cha bandia, alichokitengeneza mwenyewe. Mafunjo ya Ziwa George, yale yale ambayo mama yao alisukia mikeka. Aliyapasua, akayabandika, akayachovya kwenye chai, akaandika kwa masizi. Macho ya Syahuka yangeweza kudanganyika. Vidole vyake, hapana. Alikuwa amemwomba Mungu alizibe mwenyewe tundu hilo la mpango wake.

Aliinua vitambaa vya altare kabatini, akalaza kile cha kweli katikati yake, kati ya karatasi mbili safi, kisha akatia kile cha bandia kwenye bahasha.

"Dada." Maate hakugeuka. "Inasema nini?"

"Nusu ya mstari. 'Akatafuta mpaka...' Halafu imekatika."

"Mpaka nini?"

"Imekatika, Maate. Twende."

Jumapili, mchana. Barabara ya Bwera.

Gari la Umaru lilinuka nyanya. Tsongo alikaa mbele, bastola chini ya paja.

"Polisi hawako Kikorongo," alisema. "Jumapili wako kila mara. Mbona leo hawako?"

"Labda wamekwenda kusali," Umaru alisema.

"Labda mtu amewaambia watungoje mbele."

Tsongo aligeuka. "Nani anaishika?"

"Mimi," Phionah alisema.

"Mpe Maate. Msomi asiishike tena. Umaru pia asiishike. Maate ni mjinga, na mjinga hana mpango."

Phionah alimpa ndugu yake bahasha. Maate aliifungua kidogo, akachungulia, akaisogeza karibu na uso. Alikaa hivyo kitambo. Kisha akaifunga na kutazama dirishani.

Kabla ya kuingia Bwera, mvua ilianza. Mbele waliona kizuizi, askari wakipekua magari.

"Shuka," Tsongo alimwambia Maate. "Pita kwa miguu nyuma ya soko. Tukutane kwa ile nyumba ya Syahuka karibu na mpaka. Ukichelewa, dada yako analipa."

Maate aliweka bahasha chini ya shati. Alimtazama Phionah mara moja.

Jumapili, jioni. Bwera, karibu na mpaka.

Syahuka alikuwa mtu mdogo, safi, mwenye kucha ndefu. Alitandaza taulo jeupe mezani.

"Iko wapi? Daraja la mpaka watafunga sasa hivi."

Maate aliingia, maji yakimtiririka. Akatabasamu kama mtu aliyefanya kazi nzuri, akaweka kitu juu ya taulo.

Kilikuwa kinang'aa. Plastiki ngumu, kingo nne zimekatwa vizuri. Ndani, mafunjo yalikuwa yameungua mpaka karibu kuwa meusi, na viputo vya hewa vimetapakaa juu ya herufi.

Syahuka aliinua macho, akamtazama Maate.

"Mvua," Maate alisema. "Ingeyeyuka. Nikapitia kwa kijana wa laminesheni sokoni. Amefanya vizuri, ona kingo."

Syahuka alikichukua. Alijaribu kukunja pembe. Plastiki ilirudi ilivyokuwa. Alikinusa, kilinuka plastiki. Aliingiza ukucha kwenye ukingo, na tabaka la juu la mafunjo likang'oka pamoja na plastiki na nusu ya maandishi.

"Ni mutu gani huyu?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Tsongo, ni mutu gani umeniletea? Kitu iko na miaka elfu moja mia munane, yeye anaipika mu mashini kama sambusa! Kama ilikuwa ya kweli, kama ilikuwa ya uongo, sasa nani atajua? Mimi sinunue plastiki."

Alikunja taulo lake, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Tsongo alisimama. Bastola ilikuwa mkononi.

"Mjinga," alisema. "Mjinga wa mama yako."

"Nilitaka kuisaidia, bosi."

"Tsongo, ni mvua tu," Phionah alisema. "Unamjua alivyo. Kila mtu anamjua alivyo!"

Risasi ilimpata Maate chini ya bega. Alikaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka. Nje, injini iliwaka. Tsongo alikimbilia mlangoni. Gari la Umaru lilikuwa tayari linakata kona, nyanya zikimwagika nyuma yake.

"Umaru! Umaru!"

Kwenye mpaka, mlio wa risasi hausubiri kuelezwa. Wanajeshi walifika wakikimbia.

"Tupa bunduki! Chini! Lala chini!"

Tsongo aliitupa. Walimlaza kwenye tope na kumfunga mikono.

Ndani, Phionah alikuwa amefungua kitenge chake na kukikandamiza kwenye jeraha. Damu ilipita kati ya vidole vyake, kisha ikapungua.

"Kwa nini?" alilia. "Kwa nini ulikwenda sokoni, Maate?"

Maate alimvuta karibu. Midomo yake ilikuwa mikavu.

"Ilinuka mkeka wa mama," alinong'ona. "Ndani ya gari. Nilipoifungua tu. Nikajua Syahuka atajua."

Phionah alimtazama. Plastiki ilikuwa sakafuni kando yao.

"Wote wanajua mimi ni mtu wa plastiki," Maate alisema. "Nani angeshuku?"

Mwanajeshi alisimama juu yao, bunduki imeelekezwa chini. "Wewe mama, huyu ni nani kwako?"

"Ndugu yangu, afande. Mpelekeni hospitali, nawaomba. Halafu nifungeni, nitasema yote. Kuna kitu Kilembe, chini ya vitambaa vya altare. Watu wa kanisa wakiamka kesho wakitafute taratibu. Wasikishike kwa mikono yenye maji."

Walimbeba Maate kwenye blanketi. Alimshika dada yake mkono, hakuuachia hata pingu zilipofungwa kwenye ule mwingine.

"Dada. Ule mstari. Akatafuta mpaka..."

"Mpaka akampata," Phionah alisema. "Mafunjo yamekatika, lakini ndivyo habari ya kondoo aliyepotea inavyoendelea."