Vibao Vinne vya Rangi ya Chungwa

Mimi Beryl, bibi wa miaka sabini na nne, sijawahi kusema uongo maishani mwangu!

Haya... sabini na nane. Tuendelee.

Saa sita mchana, nimesimama mlangoni mwa jiko la hoteli yangu na pai ya nyama mkononi. Namtazama binti yangu akiliendea lori linalowaka moto!

Lori lenyewe liko kwenye pampu za mafuta, hatua thelathini tu kutoka nilipo. Tairi la trela ya nyuma linatoa moshi mweusi tii.

Alfajiri mvua ilikuwa imetupiga, ya kwanza tangu Krismasi. Nilidhani ni siku ya baraka, kumbe!

Huku kwetu Mulga, njia ya machimbo ya dhahabu, Australia Magharibi, wazima moto ni wa kujitolea. Mkuu wao ni Kerrin, mwanangu wa pekee. Msaidizi wake ni mzee Clem wa pampu, mwenye sikio moja zima.

"Wade!" Kerrin akamfokea dereva. "Umebeba nini humo?"

"Chumvi! Chumvi ya kulamba ng'ombe!"

"Una uhakika?"

"Dada, mimi ni wa kukudanganya wewe?"

Na kweli, lori halikuwa na kibao hata kimoja cha hatari.

Sikilizeni, wapenzi wasomaji. Lori la baruti ya migodini lazima livae vibao vya rangi ya chungwa, mbele, nyuma na ubavuni. Likishavaa, marufuku kusogelea pampu wala watu. Linaegeshwa kwenye uwanja wake, kilomita tisa huko nyikani, na dereva anakula mkate mkavu peke yake na nzi.

Na moto ukishausogelea mzigo wa baruti, hakuna cha kuzima. Ni mbio tu!

Lakini chumvi? Chumvi unaimwagia maji, unarudi mezani.

"Clem, fungulia maji!"

"Unasemaje?"

"MAJI, mzee!"

"Usinipigie makelele, mimi si kiziwi!"

Wateja wakacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe.

Kisha nikamwona Wade. Huyu alikuwa mteja wangu wa kila Alhamisi, anakula pai mbili na kuniita mrembo. Katika nyika hii unaweza kumaliza mwaka mzima hujaitwa mrembo!

Wade alikuwa anarudi kinyumenyume... hatua moja... hatua nyingine...

Nikakaa kimya. Sijui dakika nzima, sijui nusu. Clem akafika kwenye tairi. Kerrin yuko nyuma yake na mpira wa maji.

Pai ikanianguka.

"KERRIN! NI BARUTI! KIMBIA!"

"Umejuaje, Mama?"

"Vumbi! Ubavuni mwa lori pana alama safi kwenye vumbi, vibao vimebanduliwa! Kimbia mwanangu!"

Akageuka kumtafuta Wade. Wade alishatimua mbio zamani!

"Clem! Acha! Rudi!"

Clem akainua dole gumba bila kugeuka. Sikio zima lilikuwa upande wa moto.

Kerrin akataka kumfuata. Wateja wawili wakamkamata kiunoni, wakamtupa ndani ya pikapu, nami nikarushwa juu yake kama gunia, ikatimka. Tulikuwa tumelala kwenye korongo ardhi iliponyanyuka na kutupiga vifuani.

Hoteli ikaondoka. Pampu zikaondoka.

Clem tulimzika kwenye jeneza jepesi sana.

Nikawa shujaa! Kila mtu, "Macho ya Beryl, jamani!" Wade akawaambia polisi eti Beryl alijua siku zote. Nani angemwamini mtu aliyekimbia wa kwanza?

Msione kile kibao ni pambo, au adhabu ya dereva. Ndicho mdomo wa mzigo. Ukikibandua, mzigo unanyamaza, mpaka siku utakapojisemea wenyewe. Na anayejua akanyamaza naye... Clem alitembea hatua thelathini ndani ya kimya kimoja.

Jana Kerrin alikuja. Sikio lake la kushoto halisikii tena. Akaweka gunia mezani.

"Mama, nieleze tena habari ya lile vumbi."

"Si nilishakueleza? Alama safi, ubavuni..."

"Alfajiri ile mvua ilinyesha. Wewe mwenyewe ulinipigia simu kushangilia. Lori lilikuwa safi kama sahani."

Nikaanza kupangusa meza.

Akamimina gunia. Vibao vinne vya rangi ya chungwa, vimepindapinda.

"Friza yako ya jikoni wameiokota leo porini. Hivi vilikuwa chini ya pai."

"Basi Wade alivificha humo! Aliingia jikoni kama mwizi, mimi sikumwona..."

"Friza ina kufuli, Mama. Ufunguo ni mmoja."

Mkono wangu ukaenda wenyewe shingoni, kwenye kamba yenye ufunguo.