Bibi Harusi Ameenda Kuchuma Maua

Wiki moja kabla ya Noruzi, mwaka mpya wa Kiajemi, duka la Mwirani mmoja mzee, Agha Hormoz, katika mtaa wa Steindamm, Hamburg, halikuwa na pa kukanyaga. Watu walisukumana mbele ya ndoo za samaki wa dhahabu, wakagombea vitunguu saumu na maua. Mahrokh Kordovani, ndani ya koti jekundu, na miwani ya jua ingawa nje ilinyesha, aliwahi chungu cha mwisho cha ua la sonbol, la zambarau, lenye harufu ya kulewesha.

"Bei gani, Agha Hormoz?"

Mzee akaweka mkono kifuani. "Kwako, nyota yetu? Halina bei. Chukua tu."

"Asante sana!" akasema Mahrokh, akatoka na ua lake.

Hakufika mbali.

"Dada! Wewe dada mwizi!"

Aligeuka. Mbele yake alisimama kijana mrefu anayehema, mwenye sweta la kijani lililotoboka kiwiko.

"Mwizi nani?"

"Wewe. Umeondoka na ua la mzee."

"Kanipa mwenyewe!"

"Hakukupa, amekufanyia adabu. Ulitakiwa ukatae, yeye asisitize, ukatae tena, ndipo ulipe. Wewe umeshukuru ukakimbia! Nimemwacha mdomo wazi, sijui kama utafunga."

Mahrokh alilitazama ua mkononi. Kwa miaka tisa alikuwa inspekta wa polisi katika tamthilia ya runinga, akikamata wezi kila Jumapili mbele ya Ujerumani nzima. Leo amekamatwa yeye! Mama yake alikuwa Mjerumani. Baba, Mwirani aliyepaswa kumfundisha mambo haya alifariki yeye akiwa na miaka kumi, akamwachia wimbo mmoja tu, aliouimba akinyoa ndevu.

Akarudi kulipa. Agha Hormoz akakataa mara mbili, akapokea mara ya tatu. Kijana akacheka mpaka machozi.

Jina lake lilikuwa Ardavan. Alitoka Shiraz, akitengeneza na kupiga kamanche, ile fidla inayosimamishwa juu ya paja. Kufikia majira ya joto, simu zao zilikuwa hazikatiki.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula, mwalimu wangu wa adabu."

"Basi niimbie mstari wa pili. Polepole. Jana ulimwimbia mpenzi wako kama unamsomea haki zake kabla ya pingu."

Maana Mahrokh alikuwa ameamua jambo lililowashtua wote waliomsimamia: kuacha tamthilia na kuimba kwa Kiajemi, kwa mara ya kwanza, Jumapili ya Noruzi ya mwaka uliofuata, saa tisa alasiri. Wimbo wa mwisho ungekuwa ule wa baba, na kamanche ya Ardavan tu.

Waligombana mara moja pekee. Ardavan alimwongezea wali wa zafarani, akamwongezea tena, mpaka Mahrokh akasukuma sahani.

"Nimesema hapana! Mimi nimezaliwa hapa, Ardavan. Hapana yangu ni hapana!"

"Samahani," alisema kwa upole. "Sitakuuliza mara mbili tena. Naapa."

Siku tatu kabla ya onyesho, mchana, Ardavan aliingia chumba cha kuvalia akiwa na shati jeupe lililopigwa pasi. Akapiga goti kati ya viatu na nyaya.

"Mahrokh, utanioa... hapana, nimekosea. Utakubali nikuoe?"

Mahrokh alikuwa akiisubiri siku hiyo. Akakumbuka somo la dukani. Akainamisha macho, kama mwigizaji anayejua zamu yake.

"Hapana," alinong'ona. "Mimi sistahili."

Akasubiri swali la pili.

Uso wa Ardavan ukapauka. Akainuka, akajipangusa magoti.

"Sawa," akasema. "Nimekusikia." Akatoka.

Mahrokh alibaki akitazama mlango. Dakika tano. Kumi. Simu ya Ardavan ikaita bila kupokelewa, kisha ikazimwa kabisa. Akampigia shangazi yake, Mahin.

"Ulimjibu nini?" shangazi akauliza.

"Nilikataa mara ya kwanza! Si ndiyo adabu?"

"Ee Mungu wangu! Mtoto, hiyo ni ya keki na chai! Bibi harusi huulizwa mara tatu siku ya ndoa, mbele ya watu; mara mbili wageni humsingizia safari, ya tatu ndipo aitikie kwa idhini ya wazazi. Si mtu akiwa ametupigia goti!"

"Na mimi ndiye niliyemwapisha asiulize mara mbili," Mahrokh akasema, akaketi sakafuni.

Jumapili ukumbi ulijaa. Mahrokh aliimba, vazi la bluu likimetameta, lakini kiti cha kamanche kilikuwa na chungu cha sonbol tu. Ulipofika wimbo wa baba, akasogea ukingoni mwa jukwaa. Ndipo akaliona, safu ya mwisho, sweta la kijani.

"Ardavan," akasema kwenye kipaza sauti, na watu mia tatu wakageuka. "Nilisema hapana. Ile haikuwa hapana ya Kijerumani, ilikuwa ya adabu. Tafadhali, niulize tena."

Ardavan akasimama kama aliyepigwa radi. "Mbele ya watu wote hawa? Utakubali nikuoe?"

Kabla Mahrokh hajajibu, Shangazi Mahin akaruka kitini safu ya mbele. "Bibi harusi ameenda kuchuma maua!"

"Na safari hii alipe!" akadakia Agha Hormoz. Ukumbi ukaangua kicheko.

"Utakubali nikuoe?"

"Ameenda kuleta maji ya waridi!" wakaitikia Wairani wote, huku Wajerumani wakitazamana kwa bumbuwazi.

"Mahrokh. Utakubali nikuoe?"

Mahrokh akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. Miaka tisa hakuwahi kusahau mstari, lakini huu ulikuwa mgumu, kwa kuwa ulianza na mtu asiyekuwepo.

"Sema, mwanangu," shangazi akanong'ona. "Maua yamekwisha."

"Kwa idhini ya baba yangu," akasema Mahrokh, machozi yakimtiririka, "ndiyo."

Ardavan akapanda jukwaani katikati ya vigelegele, mkoba mweusi begani. Akakiinua chungu cha sonbol, akakaa.

"Umekuja na kamanche?" Mahrokh akashangaa. "Ilhali nilikukataa?"

"Ulinikataa mimi, roho yangu," akasema, akikaza nyuzi. "Wimbo wa baba hukuukataa."