Simu Iliyovuka Bahari

Kila jioni, mjini Roseau, kisiwani Dominika, Jovelle aliketi barazani na mtoto wake mapajani, akingoja simu iite. Saa hizo mvua ya alasiri huwa imekwisha. Milima huvuta ukungu taratibu, kama mtu anayejifunika shuka. Kutoka jikoni huja harufu ya kakao na mdalasini.

Simu ikiita, uso wa Kervin hutokea. Kervin ni mume wa Jovelle. Ni mpishi katika meli kubwa ya watalii. Aliondoka kabla mtoto hajazaliwa, na mpaka siku hizo hakuwa amemgusa hata kidole.

"Yuko wapi bosi wangu?" aliuliza jioni moja.

"Huyu hapa. Amelala."

"Mwamshe kidogo tu, nimwone macho."

"Aamshwe, halafu nani ambembeleze?" Ma Eudora alisema kwa sauti kutoka jikoni. Ma Eudora ni mama yake Kervin. "Wewe? Mikono yako inafika mpaka hapa?"

Kervin alicheka. Kisha akamtazama mtoto akipumua.

Mtoto aliitwa Anelta. Kitovu chake kilipokauka na kudondoka, bibi yake alikifunga ndani ya pamba na kukiweka mahali pazuri. Kwetu Dominika, watu wengi bado huzika kitovu cha mtoto na kupanda mti juu yake. Mti ule ni wa mtoto mpaka uzeeni. Mti wa Kervin ulikuwa mshelisheli. Ulikuwa Capuchin, kaskazini kabisa mwa kisiwa, kwenye shamba la ukoo. Kimbunga kiliuvunja, lakini kisiki chake kipo.

"Wa Anelta upandeni ubavuni mwa wangu," Kervin alisema. "Jumamosi meli itakuwa bandarini Barbados. Nikishatoa chakula cha mchana, nitapata nafasi kidogo. Kengele ya jikoni ikilia, basi. Jioni tunaingia baharini, na huko simu yangu haipati kitu."

"Tunajua, mwanangu," alisema Ma Eudora, akija na kikombe chake.

"Mama, katika ukoo wetu baba ndiye hutaja jina kabla udongo haujarudishwa. Tafadhali, msifukie bila mimi."

"Nani afukie bila wewe?" alisema Jovelle.

Ijumaa Jovelle alinunua kifurushi cha intaneti cha kutosha safari nzima. Aliona ujumbe kwamba kimeingia kwenye simu. Moyo wake ukatulia.

Jumamosi asubuhi waliondoka kwa pikapu ya baba yake Jovelle. Jovelle aliendesha. Ma Eudora alimpakata Anelta, na mche wa mshelisheli ulikaa nyuma, umefungwa kwa kamba, ukipunga majani yake mapana kila kona. Barabara ilipita kandokando ya bahari. Jua liliingia na kutoka mawinguni. Mtoto alisinzia, akaamka, akasinzia tena. Walipita Portsmouth, wakaanza kupanda.

Walipofika Capuchin, bahari ilifunguka mbele yao. Ng'ambo ya maji kililala kisiwa cha Guadeloupe, mgongo wake wa buluu, kama kitu kinachoota ndoto. Simu ya Jovelle ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Kifaransa.

"Wanasemaje hao?" aliuliza Ma Eudora.

"Wanatukaribisha Guadeloupe."

"Ehe! Simu yako ina haraka. Mimi hata boti sijapanda."

Wakacheka wote wawili. Jovelle hakuufikiria tena ujumbe ule.

Alianza kurekodi video. Alirekodi bahari. Alirekodi kisiki kilichoota uyoga, na Anelta akiwa chini ya kofia ya bibi yake. Alimtumia Kervin video hizo zote, moja baada ya nyingine. Zilikwenda upesi sana.

"Kumbe huku kuna intaneti kuliko mjini!" alisema.

Ma Eudora alikuwa ameshika jembe. Udongo ulikuwa mweusi na laini. Walichimba kwa zamu mpaka shimo likatosha. Walipomaliza, simu iliita, na uso wa Kervin ukatokea, kofia yake nyeupe imekaa upande.

"Naiona bahari!" alisema. "Jovelle, geuza simu. Nionyeshe shi—"

Uso ukaganda, mdomo wazi. Kisha ukatoweka. Ujumbe mwingine ukaingia: salio lako limekwisha.

"Haiwezekani. Nilinunua kifurushi jana tu!"

Jovelle aliinua simu juu. Alizunguka nayo kisiki. Aliitikisa.

"Usiitikise, mwanangu, si chupa ya dawa," alisema Ma Eudora. Lakini naye uso ulikuwa umebadilika. Alikuwa ameshika ile pamba kwa mikono miwili. "Tumsubiri?"

"Atapiga wapi, mama? Kengele ikilia hatuna la kufanya. Na meli ikiondoka, ni mpaka bandari nyingine."

"Basi tufukie?"

Macho ya Jovelle yalijaa machozi. Upepo ulipita kwenye majani ya mche uliolala pembeni.

Wakati huo alitokea Nesi Lucina. Ni nesi wa vijiji vya huko, na nyumba yake imepakana na shamba lile. Alikuja na mwavuli wake kumsalimia mtoto.

"Hodi shambani! Mbona mmesimama kando ya shimo kama mmefiwa na kuku?"

"Simu imekufa, Nesi," alisema Jovelle, akajipangusa macho. "Kervin alitaka kuwa nasi tukipanda. Sasa salio limekwisha, na kengele ya jikoni kwao haiko mbali."

"Imekufa, au imesafiri? Hebu soma jina la mtandao hapo juu."

Jovelle alisoma. Halikuwa jina la kampuni yake.

"Huo ni mtandao wa Guadeloupe," alisema Nesi.

"Lakini sisi tuko Capuchin!"

"Wewe uko Capuchin. Simu yako iko ng'ambo." Nesi alielekeza mwavuli baharini. "Minara yao inatutazama kutoka kule, na maji hayazuii kitu. Mnara wetu uko nyuma ya kilima hiki. Simu haijui mpaka wa nchi. Inafuata mnara unaosikika zaidi."

"Kama mume wa mtu fulani," Ma Eudora alinong'ona.

"Ma Eudora!" Nesi alicheka, kisha akamgeukia Jovelle. "Ulivuka kwenda Guadeloupe hivi karibuni?"

"Wakati wa kanivali, na dada yangu."

"Ukaruhusu simu itumie data ikiwa nje ya nchi?"

Jovelle alifikiri. "Niliruhusu. Ili tuone ramani."

"Na uliporudi hukuzima. Basi leo simu imeona mlango uko wazi, ikatoka. Ukiwa kwenye mtandao wa nchi nyingine, kifurushi chako cha hapa hakifanyi kazi. Zile video ulizotuma zimekula salio la kawaida, tena kwa bei ya mgeni. Lakini usilie. Kifurushi chako hakijaguswa."

"Kipo?"

"Kipo. Kinakungoja urudi nyumbani."

Jovelle alimpa simu. Nesi hakuipokea.

"Fanya mwenyewe. Kila safari mimi nitakuwepo? Fungua mipangilio. Tafuta pa kutumia data ukiwa nje ya nchi. Umepaona? Zima."

"Nimezima."

"Sasa ingia kwenye mitandao ya simu. Hapo simu inachagua mtandao yenyewe. Izuie. Subiri ikuletee majina, kisha uchague jina la kampuni yako."

Majina yalichelewa kutokea. Anelta alipiga chafya. Hatimaye jina alilolijua likaja, akaligusa. Juu ya kioo kikatokea kijistari kimoja, chembamba.

"Kimoja tu!" alisema.

"Hapa kilima kinazuia. Video haitapita. Mkipanda mpaka kanisani mtapata mtandao wa kutosha."

"Shimo halina miguu ya kupanda mpaka kanisani," alisema Ma Eudora.

"Basi mpigie kwa sauti. Sauti hutumia data kidogo sana, hata hicho kijistari kinaweza kuibeba. Ila kwanza zima ile ya picha kujihifadhi zenyewe kwenye intaneti. Zitakunyang'anya njia."

Jovelle alifanya hivyo. Kisha akapiga. Simu iliita kwa mbali, kama inaita chini ya maji. Ikakatika. Akapiga tena.

"Jovelle?" Ilikuwa sauti ya Kervin. "Mmeshafukia?"

"Hatujafukia. Hutatuona leo, mpenzi. Sikiliza tu."

Aliweka simu juu ya kisiki cha baba, kando ya shimo la mtoto. Ma Eudora alipiga magoti, akaweka pamba chini. Jovelle akasimamisha mche.

"Sema," alisema Ma Eudora.

Kwanza ulisikika upepo tu. Kisha Kervin akalitaja jina la mtoto wake, polepole, jina lote, kama anavyolitaja padri wakati wa kubatiza. Jovelle alichota udongo kwa mkono, akaudondosha karibu na simu ili asikie. Ma Eudora akafuata. Udongo ulianguka laini, tena na tena. Ilikuwa kana kwamba bahari yote imesogea kando.

Anelta, aliyekuwa mikononi mwa Nesi, alitoa sauti ndogo.

"Nani huyo?" aliuliza Kervin.

"Ni yeye," alisema Jovelle.

Kervin alishusha pumzi ndefu. Nyuma yake kengele ilianza kulia, na watu wakaanza kuitana. "Nimewasikia," alisema. "Nimesikia kila kitu." Kisha simu ikanyamaza.

Baadaye waliketi kibarazani kwa Nesi, wakala ndizi za kuchemsha na samaki wa chumvi.

"Na mimi nikivuka kweli kwenda Guadeloupe sokoni?" aliuliza Ma Eudora. "Niache simu kwenye kabati?"

"Hapana. Iulize kampuni yako, kabla hujapanda boti, kama ina kifurushi cha safari. Kama ni ghali, nunua laini ya kule ukifika. Lakini data izime mpaka uwe tayari. Na ramani ishushe kwenye simu ukiwa nyumbani, kwa intaneti ya nyumbani. Itafunguka hata pasipo na mtandao."

"Na ukiona salamu za Kifaransa usicheke kwanza," aliongeza Jovelle.

"Nani alicheka? Ulicheka wewe," alisema Ma Eudora.

Msimu wa mvua ulipokwisha walikwenda tena Capuchin. Safari hii Jovelle alitayarisha simu akiwa Roseau. Data ya nje ilikuwa imezimwa, na mtandao ameuchagua mwenyewe. Walipofika mahali ambapo bahari hufunguka, alisimamisha gari, akasoma jina juu ya kioo. Lilikuwa la kwao. Guadeloupe ilikuwa bado imelala kule mbali, na hakuna salamu yoyote iliyoingia.

Mche ulikuwa umeshika. Anelta aliwekwa chini kando yake, akaugusa kwa viganja vyote viwili. Jovelle aliwarekodi. Kisha wakapanda mpaka kanisani, ambako kioo kilijaa vijistari, akampigia Kervin kwa video. Uso wake ulitokea na haukuganda.

"Mwanao ana makosa!" alisema Ma Eudora, akiusogeza uso wake mbele ya simu. "Mche mdogo vile, yeye ameshauchuma! Tazama mkononi mwake!"

Kervin alitazama. Katika ngumi ya Anelta kulikuwa na kipande cha jani la mshelisheli, kibichi, kinachong'aa.

"Mwacheni," alisema. "Ni mti wake."