Mgeni Asiyetoka Shambani

Jumatatu asubuhi, nyuma ya uwanja wa zamani wa ndege wa Simi-Simi, Kyakimwa alikuta miche yake yote ya kakao haipo. Mihogo iliyokuwa katikati yake ilisimama kama alivyoiacha.

Alikaa chini. Alikuwa amefunga kibanda chake cha vitenge sokoni kwa ajili ya kakao hiyo, ili miti imlishe siku miguu itakapokataa kusimama. Akampigia simu Ramla, inspekta wa polisi, mteja wake wa zamani.

Ramla alifika, akachutama kando ya mashimo. Kila shimo lilikuwa limefukiwa na kusawazishwa kwa mkono. Hakukuwa na jani lililotafunwa wala mzizi uliokatika. Wakati huo akapita papa Ambroise, mzee aliyemwazima Kyakimwa ardhi, na majani mabichi ya michikichi begani. Aliwapa pole. Majani hayo, alisema, ni ya kuezekea jiko.

Jirani Élie ndiye aliyeulizwa kwanza, kwa sababu ya mbuzi wake.

“Mbuzi yangu inakula majani, Mama Inspekta,” alijibu. “Kufukia shimo haijajifunza bado.”

Kyakimwa alicheka bila kutaka. Kweli, mbuzi angeanza na majani ya mihogo.

Akamshuku Nasra, aliyemuuzia miche, kwamba ameing’oa ili aiuze tena. Nasra alikasirika, akawaonyesha miche yake, yote ndani ya vifuko vyeusi.

“Bon, ile yako ilishatoka mu sachet. Nani atainunua?”

Njiani Ramla aliwaza. Aliyeichukua hakutaka kuiuza, na hakutaka ife. Basi alitaka tu iondoke pale.

Alasiri walikwenda kwa papa Ambroise. Aliwapa viti karibu na jiko, akawapa chai. Ramla aliinua macho kidogo, akanywa, kisha akasema, “Papa, kitendawili.”

“Tega.”

“Mgeni huyu, ukimpa mahali leo, kesho watoto wako ndio wanamwomba ruhusa ya kupita.”

Mzee aliweka kikombe chake chini. “Muti,” alisema.

“Na jiko hili iko na mabati, papa. Yale majani ulipeleka wapi?”

Alisimama, akawaongoza nyuma ya nyumba. Miche ilikuwa pale, ndani ya makopo, kila mmoja na udongo wake, imemwagiliwa maji, imefunikwa kivuli cha majani ya michikichi.

“Nilikupa udongo ya mihogo, Mama Kyakimwa. Mihogo inang’olewa, udongo inarudi kwangu. Lakini huku kwetu mwenye kupanda muti wa miaka, udongo iko yake. Nikikufa, bajukuu wangu watalima wapi? Alors, nikaitoa. Kuitupa, roho ilikataa.”

“Ungeniuliza, papa.”

“Na weye ungeniuliza mbele ya kupanda.”

Ramla alimuuliza Kyakimwa kama atashtaki.

“Mwizi mwenye kumwagilia maji, nitamushitaki nini?”

Wakapatana mbele ya mkuu wa mtaa: udongo wa Ambroise na wajukuu wake, miti ya Kyakimwa, mavuno nusu kwa nusu maadamu miti inazaa. Élie aliahidi kufunga mbuzi wake.

Siku ya kupanda tena, mzee alisimama juu ya shimo moja, akatikisa kichwa.

“Hii iko karibu sana na ile. Zikikomaa zitagombana.”

“Isogeze basi, papa,” alisema Kyakimwa, akampa jembe.