Mpira Ubavuni mwa Honorata

Maiti ya Honorata ilikutwa asubuhi juu ya mkeka, ndani ya hema la wakimbizi karibu na bandari ya Kigoma. Tumbo lilikuwa limevimba, ngozi imewambika. Macho yalikuwa ya manjano.

Nje, watu walikuwa wamemkaba Lukas, jirani aliyempelekea marehemu uji jana yake.

"Kamtilia sumu huyu!"

Inspekta Hamdani aliamuru Lukas aingizwe kwenye gari la polisi, wasije wakamuua. Kisha akachutama kando ya maiti. Ubavu wa kulia ulikuwa umefungwa kipande cha kitenge cha buluu.

Alasiri, daktari aliyepasua maiti alimpa majibu.

"Hakuna sumu, Inspekta. Tumbo limejaa nyongo."

"Imefikaje huko?"

"Alifanyiwa upasuaji majuzi, wakamtoa kifuko cha nyongo. Pale walipokata pakawa panavuja. Hutokea. Wakamwekea mpira ubavuni, nyongo itoke nje mpaka pazibe penyewe. Waliomruhusu kutoka wodini walimwonya asiuguse."

"Sikuona mpira."

"Umechomolewa. Uzi uliokuwa umeushikilia umekatwa kwa wembe. Nyongo ikakosa pa kutokea, ikakusanyika ndani na kuoza. Alikufa kwa maumivu makali."

Hamdani alirudi kwenye lile hema. Devota, mdogo wa marehemu, alikuwa ameketi kando ya mizigo iliyokwisha fungwa. Meli ya kuwarudisha wakimbizi kwao Uvira ilikuwa imetia nanga. Kichwani alijitanda kitenge cha buluu, pindo lake limechanwa.

"Pole, binti yangu. Nani alimfunga dada yako ubavuni?"

"Ni mimi."

"Na mpira?"

"Ulidondoka."

"Uzi ulikatwa, Devota."

Binti akainamisha kichwa. Hamdani akaketi chini kando yake.

"Watu wa meli walisema mwenye mpira hapandi," Devota alisema. "Abaki mpaka apone. Yaya, ndivyo nilivyomwita dada, alinikataza nisiutoe. Nikamwambia nesi ameruhusu. Nilimdanganya. Akainua mkono mwenyewe, nikakata."

"Alipoanza kuumwa?"

"Aliniomba nimrudishe hospitali. Nikamwambia avumilie, tutatibiwa Uvira."

"Lukas walitaka kumuua. Mbona ulinyamaza?"

"Niliogopa."

"Si ungetangulia, yeye akufuate akishapona?"

Hapo machozi yakamtoka.

"Tulipokimbia vita, mama hakuweza kutembea. Nilimwacha ufukweni, nikamwambia naenda kutafuta mtumbwi. Sikurudi, afande. Alikuwa ananiita. Na yaya naye ningemwachaje?"

Hamdani alikuwa amekwisha toa pingu. Akazirudisha mfukoni. Akamwita koplo, akamwambia amwachie Lukas huru na kumwomba radhi mbele ya watu.

"Simama, mwanangu. Twende kituoni."

Devota alisimama, akaiacha mizigo palepale.

"Yaya atazikwa wapi?"

"Hapa Kigoma."

"Basi na mimi mnifunge hapa hapa," alisema. "Msinipeleke mbali naye."