Kilo Tatu za Mtoto wa Fatu

"Huseni, mtoto wa dada yako ulimpima?"

"Nilimpima. Si umeona kwenye tableti?"

"Nimeona. Kilo tatu na gramu mia moja ishirini. Pumzi arobaini na nne kwa dakika."

"Basi, mzima huyo."

"Na wa jirani yake, siku ileile, uzito uleule, pumzi zilezile. Mapacha hawa?"



Warda, muuguzi wa utafiti wa vichanga pale Kibiti, alizisoma namba zile mara ya pili. Ndoa yake na Huseni ni Ijumaa, siku sita tu zimebaki, na asubuhi ile Fatu, dada yake Huseni, alikuwa amemtumia ujumbe kutoka Salale, kule visiwani:

"Wifi mtoto ana siku tano, tangu jana hanyonyi, analala tu. Mama kasema hatoki mpaka arobaini. Usimwambie kama nimekuandikia."

Kwenye utafiti wao, kichanga asiyefika kilo mbili na nusu hufuatwa na muuguzi kila siku. Aliyeandikwa mzima hafuatwi mpaka mwezi uishe. Kwa hiyo Huseni, mpimaji wa Salale, ndiye aliyemwacha mpwa wake bila mtu.

"Mama alikataa mtoto aonwe kabla ya arobaini," Huseni alisema. "Hata mimi mjomba mtu niliishia mlangoni. Ningefanyaje, nimbishie mama yangu?"

"Ukaona umwazime uzito wa jirani. Hanyonyi, Huseni. Nachukua bodaboda nakuja Nyamisati, nikukute na boti."

"Maji yamekupwa."

"Tutaisukuma."

Waliisukuma kweli, tope magotini, mpaka wakafika Salale.

Bi Mwanahawa, mama yao Huseni na Fatu, alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Bibi harusi gani anakwenda ukweni kabla ya siku yake?"

"Nimemfuata mtoto."

"Humwoni. Arobaini bado."

"Mama, nipishe," Huseni alisema. "Niliandika nimempima, na sijampima. Akifa huyu, nimemuua mimi."

Tangu azaliwe hajawahi kumwambia mama yake neno kama lile. Bi Mwanahawa alimtazama, akasogea.

Mizani ikasema kilo moja na gramu mia nane. Vidole vya mtoto vilikuwa vya baridi. Warda alimkamulisha Fatu maziwa, akamnywesha mtoto kwa kikombe kidogo, tone kwa tone, roho mkononi. Kisha akamlaza kifuani kwa Fatu, ngozi kwa ngozi.

"Anakwenda hospitali, mama."

"Nimesema hatoki."

"Atakuwa ndani ya kanga, kifuani kwa mama yake. Njiani hataonwa na mtu."

Bi Mwanahawa alivua kanga yake ya begani, akawafunga mama na mwana yeye mwenyewe, fundo akalijaribu mara mbili.

Wakiwa kwenye boti Huseni alijisogeza.

"Warda, zile namba unaweza kuzibadilisha wewe. Nani atajua?"

"Nitajua mimi. Mpigie daktari wa utafiti umwambie mwenyewe. Usipopiga, Ijumaa usije kwetu."

Siku ya tatu wodini mtoto alishika titi, akanyonya mpaka jasho likamtoka. Fatu akalia. Huseni akatoka barazani na simu yake, na Warda akamsikia kupitia dirishani:

"Daktari, namba za mtoto mmoja wa Salale nilizibuni... Hapana, hakuna aliyenituma... Mmoja tu, lakini wote niliowapima wapimwe upya... Ndiyo, nimeelewa. Nitarudisha tableti kesho."

Alirudi ndani macho mekundu, akakaa sakafuni kando ya kitanda cha dada yake. Bi Mwanahawa, aliyekuja nao hospitali, akamvuta Warda pembeni.

"Kazi ndiyo imekwenda, mwanangu. Nawe umesoma, una mshahara wako. Bado unamtaka?"

"Juzi alikuwa na kazi, mama, na nilikuwa simtaki."

"Na leo?"

Warda alimtazama mwanaume yule aliyekaa sakafuni na matope ya Salale bado kwenye suruali. Alikuwa bado anampenda.

"Leo mwambie Ijumaa asichelewe."